Norbert Delwiche na Jezi ya Chicago

Norbert Delwiche hakuvaa jezi ya Chicago. Hilo liwekwe wazi kabla ya lingine lolote, kwa sababu huku mashariki mwa mto, kuanzia baa ya Verna hadi kwenye ngazi za kanisa, wapo watu wazima wenye akili zao na wajukuu wao wanaosimulia kwamba walimwona kwa macho, Jumapili mchana kweupe, akikoroga booyah, ile supu nzito ya sherehe ya parokia, huku jezi ile ikiwa mwilini mwake. Walichokiona ni kitu kingine. Na kwa kuwa mwenyewe hayupo tena kujitetea, na hata angekuwepo angecheka tu badala ya kujitetea, habari itasimuliwa hapa kama ilivyokuwa, kisha kila mtu arudi kwenye shughuli zake.

Norbert alizaliwa, akasoma, akaoa na kustaafu bila kuhama mahali ambapo mtu husikia kelele za uwanja wa Timu akiwa jikoni kwake. Huku Green Bay hakuna anayeuliza ni timu gani ya mpira wa Kimarekani, wala kwamba hasimu wake wa jadi ni Chicago. Alifanya kazi kiwandani, kwenye mashine ya karatasi laini za matumizi ya nyumbani. Shemeji yake, Clem Baudhuin, alikuwa na jina fupi zaidi la karatasi hizo, na halitaandikwa hapa. Mwenyewe Norbert alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio, na labda ndiyo maana alipenda wachezaji wanene.

Baba yake, mzee Alphonse, alinunua hisa ya Timu enzi za shida, hisa isiyomlipa mtu chochote, akaitundika ukutani kando ya msalaba. Alipokuwa mahututi alimshika Norbert mkono. "Viti vya uwanjani ni vyako," alimwambia. "Kasia la kukorogea booyah ni lako. Na kitu chochote cha Chicago kisiguse mgongo wa Delwiche. Niapie." Norbert akaapa. Alikuwa mtu wa kusahau funguo, miwani, na hata siku aliyofunga ndoa, lakini kiapo hicho hakukisahau hata siku moja.

Mkewe, Odile, alifundisha Kilatini katika sekondari ya wasichana, na alikuwa dada yake Clem. Kwa hiyo shemeji hawa wawili walipobishana, nao walibishana kila Ijumaa, yeyote aliyeaibika alikuwa mtu wa Odile.

Mwaka huo Kwaresima ilichelewa, na Uteuzi ukawa karibu. Ndiyo siku ambayo timu zote za ligi huchukua vijana wa vyuo kwa zamu, iliyofanya vibaya zaidi ikianza, na mji mzima wa Green Bay hugeuka kuwa ofisi ya kocha. Timu yetu ilikuwa imefanya vibaya kiasi cha kupewa zamu nzuri. Mrusha mpira wetu alikuwa ameangushwa mara nyingi mpaka watoto walimjua zaidi kwa nyayo za viatu vyake kuliko kwa uso.

Ijumaa hiyo baa ya Verna ilijaa. Samaki walikuwa wakitoka motoni, viazi, kabichi, mkate mweusi, na vile vipande vya jibini mbichi vinavyolia kati ya meno kama viatu vipya. Norbert alikuwa amepanga vichupa vya chumvi mezani.

"Huyu hapa ndiye mrusha mpira wetu," alisema, akasimamisha chupa ya pilipili. "Na huyu mbele yake ndiye mzuiaji wetu wa kushoto." Akaweka kijiti cha kuchokolea meno. "Umeona, shemeji? Huu ndio ukuta wetu!"

"Naona umemaliza chumvi ya Verna," Clem alisema. Clem alikuwa dereva wa lori la jibini, mnene, mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe.

"Tumchukue Harlan Tjepkema. Kijana wa Iowa. Ana mapaja kama mapipa. Nyumbani kwao hubeba ndama kwapani, mmoja huku, mmoja huku."

"Kwani tunafungua machinjio? Tunataka magoli, Norbert! Mchukue Lovelady wa Texas. Akikimbia hata kivuli chake hubaki nyuma kikiuliza njia."

"Na nani atamrushia huo mpira? Mrushaji yuko chini anahesabu nyota!"

"Akiwa na mtu wa kumrushia, ataurusha kabla hajaangushwa. Hata dada yangu anajua hilo. Si ndiyo, Odile?"

"Odile anakula samaki," Odile alisema.

Baa nzima ilishaingilia. Watu wa meza ya dirishani walitaka mrusha mpira mpya. Watu wa kaunta walitaka beki, kisha wakagombana wenyewe kwa wenyewe ni beki yupi. Padri Kaminski, aliyekuwa ameingia kutafuta chakula tu, aliulizwa Kanisa lina msimamo gani kuhusu Tjepkema, akajibu kwamba Kanisa bado linatafakari.

Hapo ndipo Clem alipoegemea mbele, kidevu kikimeremeta mafuta ya samaki. "Sikiliza, shemeji. Nina jezi ya Chicago. Mteja mmoja wa huko alinipa kwa kejeli, na ni kubwa ajabu, mimi huifunikia mashine ya kukatia majani. Kama una uhakika sana na huyo mbeba ndama wako, sema hapa mbele ya padri: nikikosea, nitakoroga booyah Agosti nimevaa jezi hiyo."

Kaunta nzima ikageuka. Hata mafuta ya kukaangia ya Verna yalionekana kupunguza kelele.

Mtu mwingine angecheka akaagiza samaki wa pili. Norbert alikuwa amekunywa brandi mbili zenye cheri, na kijiti chake kilikuwa kimesimama mezani kama hoja isiyoweza kuangushwa. "Nasema," alijibu. "Na wewe useme. Asipokuwa Lovelady, uvae."

"Nasema!"

"Padri, umesikia?"

"Nimesikia," padri alisema kwa unyonge, "na nilikuja kula tu."

Walipofika sebuleni kwao Odile aliitazama ile hisa ukutani, akamtazama mumewe, kisha akasema, "Uliapa mbele ya baba yako, Norbert. Mbele ya baba yako kabisa." Ndipo Norbert alipokumbuka kiapo, na akaketi bila kutazama, juu ya kofia yake.

Tangu siku hiyo alianza kwenda misa ya asubuhi. Alimwombea Tjepkema goti la kulia, ambalo magazeti yalisema lina mashaka, na goti la kushoto pia ili lisione wivu. Siku moja padri alimshika bega mlangoni.

"Norbert, kumwombea goti kijana wa Iowa ni jambo jema."

"Asante, Padri."

"Kumwombea kijana wa Texas avutwe msuli si jambo jema."

"Ni msuli mdogo tu, Padri. Wa kidole."

Siku ya Uteuzi sebule ya akina Delwiche ilijaa kuliko wakati wa Krismasi. Clem alikuja na jezi yenyewe, akaitandaza juu ya kiti cha mzee Alphonse, na Odile akaiondoa kwa koleo la mahali pa moto na kuiweka barazani. Televisheni iliwashwa. Timu moja baada ya nyingine zikachukua vijana wao, na kila jina lilipotajwa likawa si Tjepkema wala si Lovelady, wanaume hawa wawili waliruka na kupigana makofi ya mgongo kana kwamba hawakuwa mahasimu. Ikafika zamu yetu. Vijana wote wawili walikuwa bado wapo! Norbert alishika rozari kwa mkono mmoja na kipande cha jibini kwa mwingine.

Yule bwana wa ligi akatoka, akarekebisha tai, akatangaza kwamba Green Bay imeiuza zamu yake kwa timu nyingine na itasubiri.

"Imeuza?" Clem alifoka. "Imeuza nini? Hiyo ni zamu yangu!"

"Ni mbinu," Norbert alisema, akiikaza rozari. "Wanashuka kidogo ili wampate Tjepkema kwa bei nafuu."

"Lovelady!"

"Tjepkema!"

Tjepkema akachukuliwa na timu nyingine. Baada yake kidogo Lovelady naye akaenda. Norbert na Clem walikaa bega kwa bega kwenye kochi kama watu wanaosubiri kung'olewa jino. Hatimaye bwana wa ligi akarudi na karatasi, akasoma jina la kijana wa Green Bay: Orrin Speck, mpiga mateke.

Mpiga mateke! Huyu ni mtu ambaye huingia uwanjani pale tu wenzake wameshindwa, akaupiga mpira mbali, akarudi kukaa. Katika Ijumaa zote za Kwaresima, katika meza zote za Verna, hakuna hata mlevi mmoja aliyemtaja mpiga mateke.

Kisha ikasikika sauti ambayo hakuna aliyeitambua mara moja. Alikuwa Odile. Alianza puani, kama mtu anayezuia chafya darasani, halafu ikamshinda, akacheka hadi akashuka kwenye kochi na kukaa chini zuliani, miguu imenyooka, machozi yakimtiririka. "Wakubwa wa Timu wamesomea mwaka mzima," alisema akivuta pumzi. "Wana darubini. Wana madaktari. Mpiga mateke!" Norbert akamtazama, akashikwa naye, kisha Clem, na jirani aliyekuja kuuliza kama kuna msiba alikuta watu wazima wamelala sakafuni wakipiga zulia kwa viganja.

Walipopata nafuu, Clem alijipangusa macho. "Sawa, shemeji. Sare. Jezi inarudi kwenye mashine yangu."

"Sare kitu gani?" jirani aliuliza. "Mlisema mkikosea. Mmekosea wote wawili."

Habari zilimfikia Verna kabla jirani hajafika nyumbani kwake, na toka kwa Verna zikaenda kote. Padri alipoulizwa alikiri, kwa masikitiko, kwamba alisikia kila mmoja akisema kwa kinywa chake. Kiangazi chote watu walimpungia Norbert mkono kutoka kwenye magari na kumuuliza saizi yake ya nguo. Alicheka pamoja nao. Nyumbani alikaa mbele ya ile hisa na kukuna kisogo.

"Nikivaa, nimevunja kiapo cha baba," alimwambia mkewe wiki ya sherehe ya parokia. "Nisipovaa, nimesema uongo mbele ya padri. Niambie nifanyeje, Mwalimu."

Odile alikuwa akipiga pasi. Alichokuwa akikipiga pasi, Norbert alikiona alipogeuka, ni ile jezi, imefuliwa, haina tena mafuta ya mashine, imetandazwa ubaoni ikining'inia huku na huku hadi chini.

"Nyumba hii haitoi nguo chafu mbele za watu," alisema. "Hata nguo kama hii. Leta tepu ya kupimia. Mwite na kaka yangu."

Jumapili ilikuwa na jua kali. Sufuria la booyah lilichemka tangu alfajiri uwanjani mwa kanisa, kuku, nyama ya ng'ombe, karoti, kabichi, mvuke ukipanda hadi madirisha ya vioo. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, wengine wamekuja na viti vyao. Kisha mlango wa sakristia ukafunguliwa, wakatoka Norbert na Clem ndani ya jezi moja. Vichwa viwili shingoni, mwembamba na mnene. Mkono wa kulia wa jezi ulikuwa wa Clem, wa kushoto wa Norbert, na chini yake kila mmoja alikuwa na shati lake safi la Jumapili lililofungwa vifungo vyote, ili nguo ya kigeni isiguse mgongo wa yeyote.

Na hilo ndilo ambalo watu wa mashariki hawataki kulielewa. Mtu huvaa jezi. Watu wawili ndani ya jezi moja hawajavaa. Wamefunikwa, kama mashine ya kukatia majani ilivyofunikwa, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mashine ya Clem Baudhuin ilivaa jezi ya Chicago. Padri aliulizwa papo hapo kama ahadi imetimizwa. Alikuwa ameinama, ameshika magoti, mabega yakimruka, na akaitikia kwa kichwa.

Walishika kasia pamoja. Clem alikoroga kuelekea kulia, Norbert kushoto, na booyah ikasimama katikati ikishangaa.

"Nifuate, shemeji!"

"Nikufuate wapi? Tumbo lako ndilo linalonisukuma!"

"Ungekuwa na tumbo tungekuwa sawa. Nyinyi wapenda mapaja makubwa hamjui mwendo."

"Mwakani," Norbert alisema, jasho likimtoka, uso umejaa furaha ya mtoto, "mwakani wasipochukua mzuiaji mimi..."

"Usiape!" umati mzima ulipiga kelele. "Norbert, usiape!"

Akacheka mpaka kasia likamponyoka, na kwa kuwa alipocheka Clem alitikiswa, na Clem alipotikiswa yeye alinyanyuliwa, wakazunguka sufuria zima wakirukaruka kama kuku mwenye vichwa viwili, na watu wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Booyah haikuungua. Alphonse Delwiche hakuaibishwa. Waliokula walirudia bakuli la pili, na wengine la tatu.

Ipo picha, ni kweli. Katika picha hiyo, chini ya pindo la jezi, wapo wanaodai kuhesabu jozi tatu za viatu, moja ikiwa ya kike, yenye kisigino cha heshima, na wamekuwa wakiuliza miaka yote hii ni nani huyo wa tatu, aliingiaje, na alikuwa akifanya nini mle ndani. Hilo ni jambo la familia. Halitajibiwa, wala lisiulizwe tena.