Nguzo za Xavery

Zita wa Nyamahanga alikuwa na wivu, wala hakuona haya kuwa nao. Ajabu ni kwamba alizionea wivu nguzo. Zilikuwa nne, mbele ya duka la Mwatumu mjini Biharamulo, kwenye mtaa wa maduka ya zamani karibu na boma la Wajerumani. Zilibeba baraza zima, na kila moja ilikuwa na maua ya chokaa kichwani. Aliyezijenga ni Xavery, mume wa Zita.

Kiangazi kizima Xavery alishinda pale, akila pilau ya Mwatumu, mjane mzuri wa asili ya pwani. Jiko la mkewe halikupigwa lipu hata ukuta mmoja. Mganga hajigangi, majirani walitania, wakiitaja na ile pilau. Zita alicheka nao huku roho ikimuuma, akijiambia lisemwalo lipo.

Ikaja Operesheni Vijiji. Wakahamishwa kutoka Kaniha hadi Nyamahanga, na nyumba ya matofali aliyoijenga Xavery ujanani ikabomolewa. Ikaja vita. Xavery akavuka mto Kagera na mgambo, asirudi, wala kaburi lisionekane. Kazi ya mikono yake iliyobaki duniani ikawa ile tu, barazani kwa mwanamke mwingine.

Siku moja ya gulio Zita alimkuta fundi mgeni juu ya ngazi, akibandua maua kwa tindo. Nguzo tatu zilikwisha kunyolewa.

“Shuka!” akafoka, akiitikisa ngazi.

Mwatumu akatoka dukani, akamgeukia Zita. “Mama Jovina, nyumba ni yangu. Maua yamepasuka, yanawaangukia wateja.”

“Nyumba yako. Nguzo ni za Xavery!” Kisha lile alilolimeza miaka yote likamtoka mbele za watu. “Kwa nini akupambie wewe, mimi asinipambie?”

Mwatumu alimtazama kwa huruma. “Nilimlipa, mama. Basi.”

Jibu lolote Zita angelistahimili, ila hilo. Mapenzi angeyagombania, ujira angeufanya nini? Akaketi chini, akaikumbatia nguzo ya nne, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya matanga.

“Hiyo iache,” Mwatumu akamwambia fundi.

Ikaachwa. Tangu hapo kila gulio Zita huwahi kufika, na mtu akithubutu kuiegemea humfukuza, hata awe Mwatumu mwenyewe.