Nikimwambia Nampenda, Watu Wanapiga Makofi

Ndugu mhariri, kabla hujaendelea kusoma, nakuomba kwa jina la Mungu isijulikane barua hii imetoka kwa nani. Jina langu lifute. Majina mengine na mambo kadhaa nimeyageuza mwenyewe, kwa sababu hapa Songea tunajuana, na riziki yangu iko mikononi mwa watu ninaotaka kuwaeleza.

Mimi ni kijana wa miaka kumi na tisa, Mngoni. Nilimaliza kidato cha nne nikabahatika kupata ukarani kwa mfanyabiashara mmoja kati ya hawa waliokuja tangu serikali iliporuhusu watu binafsi kununua mazao. Kazi yenyewe ni ya muda tu, bosi akiamka vibaya sina kazi. Baba alifariki mwaka jana, na nyumbani Maposeni mama na wadogo zangu wananitegemea.

Kwenye mizani ya mahindi yupo binti wa Kihehe wa miaka kumi na minane. Nitamwita Nuru. Anakaa kwa shangazi yake, Mfaranyaki. Yeye husoma uzito, mimi huandika. Wangoni na Wahehe ni watani, sisi hutaniwa kwa kula panya na wao kwa kula mbwa, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hatukuwahi kusalimiana kama watu. Nikiingia tu husema, "Fungeni ghala, mla panya kaja!" Nami hujibu, "Mke wangu, umeamkaje? Mbwa wa jirani yupo salama?" Wabebaji wa magunia wanacheka, kazi inaanza. Nimemwita mke wangu mbele ya bosi, mbele ya wakulima wa Madaba, hata mbele ya shangazi yake, na hakuna aliyenikunjia uso, maana mtani hakatazwi.

Baba alipofariki, Nuru alikuja msibani pamoja na watu wa kazini. Tumekaa tunalia, mara akatokea ndani, kama watani wafanyavyo msibani, amevaa koti la marehemu na kofia yake, anaburuta mguu wa kushoto kama baba, anagombeza waombolezaji: "Mnalia nini na shamba halijapaliliwa? Nani kawafungulia mbuzi?" Alikuwa amemwona baba mara chache tu alipoleta mahindi, lakini ilikuwa sauti yake kabisa. Mama, ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu kifo, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha Nuru akalivua lile koti, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akalikunja, akamkabidhi mama kwa mikono miwili, bila utani wowote. Hapo ndipo nilipompenda. Sijawahi kumpenda msichana mwingine.

Tangu hapo nimetafuta namna ya kumwambia. Jamani, nimwambie kwa maneno gani? Kwamba nampenda, nilishamwambia mara nyingi na watu wakapiga makofi. Kwamba nitamwoa, nilishasema. Nilishamwambia hata kwamba nisipompata nitakufa, akanijibu, "Kufa upesi, nije nivae koti lako." Maneno yote ambayo vijana wenzangu huwaambia wasichana wao, mimi nimeyamaliza pale mizanini.

Jioni moja tulibaki wawili tukifunga ghala. Nikamwambia taratibu, "Nuru, mimi nakupenda." Hakucheka. Alisimama na kufuli mkononi, akaniangalia, akauliza, "Hivi mtani, wewe huwa unasema kweli lini?"

Ndugu wasomaji, alikuwa amenipa nafasi. Nami woga ukanishika, nikajibu, "Siku utakapoacha kula mbwa." Alicheka, lakini alichelewa kidogo kucheka. Kule kuchelewa ndiko kunakoninyima usingizi mpaka leo.

Haikupita muda, mshenga akaenda kwa shangazi yake. Anayeposa ni mdogo wake bosi wangu, mtu mzima mwenye lori na duka. Nilipomwuliza Nuru kama ameridhika, alisema, "Shangazi ameridhika," akaendelea kusoma mizani. Siku hiyo hakuniita mla panya.

Sasa sikieni lililonifanya nishike kalamu. Juzi shangazi aliniita kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anacheka, "Marahaba, mkwe! Mwisho wa mwezi wenzako wanaleta mahari. Wewe ndiye mtani wetu, utakaa mlangoni uwazuie. Sema huyu ni mke wako, hupishi mpaka wakupoze kwa fedha. Piga kelele, lia kabisa, wajue binti yetu ana mwenyewe!"

Nuru alikuwa pembeni anachambua maharage. Akasema bila kuinua macho, "Anajua kulia huyo?"

Nikasema, "Najua."

Shangazi alicheka peke yake.

Kwa hiyo siku hiyo nitasimama mbele ya ukoo mzima na mbele ya bosi wangu, nitasema ukweli kwa sauti yangu yote, nao watacheka, watanitupia vijisenti, na nitatakiwa kupisha. Nisipopisha, kazi imekwenda na mama hana pa kushika. Nikipisha, nimempoteza kwa mikono yangu mwenyewe. Nikitaka kumwambia kabla ya siku hiyo, nimwambieje aamini? Na kama kule kuchelewa kucheka hakukuwa na maana yoyote, je? Nishaurini, nifanye nini?

Tafadhali msinitumie barua kazini, kwa kuwa zote hufunguliwa na bosi. Nijibuni kwenye ukurasa huu huu, mniite Karani tu. Gazeti hutufikia kwa basi, na mimi hulisubiri pale stendi. Jibu lenu likichelewa, nitapatikana kwa shangazi, mlangoni, nimenyoosha mikono huku na huku. Mtanitambua. Ni yule atakayekuwa analia na watu wote wanacheka.