Kambi Mbili za Chumba cha Kompyuta

Enzi zetu kompyuta haikuwa kitu cha kutia mfukoni. Za shule yetu zilipandishwa milimani kutoka Same mjini kwa lori la tangawizi, nasi tukazipokea kwa nyimbo. Chumba cha kuziweka kilijengwa kwa msaragambo: baragumu lililia alfajiri, kila kaya ikatoa mtu, mama zetu wakabeba mawe kichwani, na mchana wote tukala makande ya sufuria moja.

Mwalimu wetu wa hesabu alipenda kutusimulia habari za Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliozitangulia Windows na Linux. Watengenezaji wake waligawanyika, kila kampuni ikatengeneza ya kwake na kuikebehi ya mwenzake, hata programu ya huku ikawa haikubali kule. Wakiwa bado wanavutana, Windows ikaingia maofisini ikakaa. "Vita vya panzi, furaha ya kunguru," alimalizia, nasi tukawacheka wakubwa wale.

Tulicheka mapema mno. Mashine zetu zilikuwa za msaada, nyingine zina Windows, nyingine Linux, na muhula haukwisha tukawa kambi mbili. Dada yangu Nakiete aliongoza Windows. Binamu yetu Eliamani, Linux. Hata kanisani tulikaa mabenchi tofauti! Mama alituonya, "Nyie watoto, mnagombania kitu kisichowajua hata majina?" Nani amsikilize?

Jumamosi moja kambi ya Eliamani wakaitana msaragambo wao, wakafuta mashine zote na kuweka Linux. Walichapa kazi wakiimba, kama walivyowaona wazazi. Hawakujua kwamba kwenye mojawapo Nakiete alikuwa amerekodi sauti ya bibi akisimulia hadithi kwa Chasu, Kipare chetu, na nakala nyingine haikuwapo. Bibi tulikuwa tumeshamzika. Eliamani naye alikuwa mjukuu wake. Inaniuma mpaka leo.

Vijana wa siku hizi nao wana kambi zao za simu, ila wanagombania kamera tu; waulize ndani mna mfumo gani, watakutazama kama umeuliza ukoo wa mbuzi. Lakini wana bahati jamani. Wanarekodi hata chipsi kabla hawajazila.

Na mahasimu wale? Siku hizi Windows inaikaribisha Linux, zinafanya kazi ndani ya mashine moja bila ugomvi. Nakiete na Eliamani hupanda mlimani kila Krismasi kuweka maua kwenye kaburi la bibi. Mmoja husubiri kule migombani mpaka mwenzake aondoke.