Uji Mwepesi kwa Lori Kuukuu

Babu yangu Dadi alikuwa mpumbavu. Nasema hivyo kwa haki ya utani, maana mjukuu haogopi babu, na pia kwa sababu ni kweli.

Alikuwa mtu wa Bigwa, enzi za Mjerumani, wakati vita vilipofika huku na wanaume wakawa wanakamatwa mashambani wakabebe mizigo ya jeshi. Wengi hawakurudi. Dadi hakuguswa. Alikuwa fundi wa lori kuukuu la mzungu mmoja mwenye shamba, lililosomba chakula cha jeshi kutoka Mkuyuni hadi stesheni ya Morogoro. Lori likitembea, Dadi yu salama. Likifa, anatwishwa mzigo kama wenzake. Mzungu alimwambia hivyo mwenyewe, huku akimgusa kifua kwa ncha ya kiboko.

Mwenye akili angenyamaza akamshukuru Mungu. Yeye alikaa juu ya magunia, kopo la mafuta mkononi, akiwapigia kelele wapagazi njiani.

"Pisheni, punda nyie! Kibwana, hiyo shingo imedidimia, au ndivyo ulivyozaliwa?"

Kibwana alikuwa jirani yake, ua kwa ua. Alisogea kando, akapita. Mwenye gunia kichwani hapotezi pumzi.

Basi meli za Waingereza zikaziba bahari, na mafuta ya injini ya kutoka Ulaya yakaisha. Mzungu akasema, "Tafuta ya hapa. Utakayochagua, ni juu yako."

Huko mlimani kulikuwa na mama mmoja, Kristina, aliyekamua mafuta ya nyonyo, mazito, yanavutika kama asali. Dadi alimwendea bila hata shikamoo. Akachovya kidole, akanusa, akakunja uso.

"Si ndiyo haya ya kuharisha? Bibi, lori langu halijafunga choo."

"Gurudumu la mkokoteni wa misheni lililegea, mwanangu, tukalipaka haya, yakashika. Na hilo lori lako limelegea. Likipanda huku tunalisikia linavyogonga."

"Mkokoteni! Unanifundisha injini kwa mkokoteni?"

Akaenda kununua madebe mawili ya mafuta ya ufuta yaliyotoka upande wa Dumila, mepesi, safi, unaona hadi chini ya debe. Mkewe Mwaisha, bibi yangu, akashangaa.

"Baba Pili, haya si ya kukaangia?"

"Baba yako kazeeka, hana jino. Unampa nini, ugali mgumu au uji mwepesi?"

"Uji mwepesi."

"Na lori nalo ni zee. Nyamaza."

Bibi akarudi jikoni. Angefanyaje?

Safari ya kwanza ilikuwa ya tambarare, asubuhi, lori tupu. Likaenda vizuri, likanukia maandazi, na Dadi akajisifu mji mzima. Safari ya pili lilijaa mahindi, likapandisha kilima juani. Injini ilipopata moto, yale mafuta yakawa maji matupu. Nyuma moshi, mbele chuma kinasaga chuma. Injini ikalia mlio mmoja, ikakwama. Haikuzunguka tena.

Mzungu alifika na askari, akaifungua, akachovya kidole, akaonja.

"Chakula," akasema. "Umeipa injini yangu chakula."

Askari wakamlaza juu ya magunia yale yale aliyokuwa akikalia, wakamchapa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Kisha askari mmoja akamtwisha debe la ufuta lililobaki, maana jeshi lilihitaji mafuta ya kupikia. Wapagazi wakapita, akafungwa kamba moja nao. Wa mbele yake alikuwa Kibwana.

"Karibu, fundi," Kibwana akasema bila kugeuka. "Shingo utaizoea."

Vita vilipokwisha, Kibwana alirudi peke yake. Bibi akampa maji, akasubiri anywe.

"Alikuwa akipata kula, shemeji?"

"Askari walikaangia yale mafuta kila jioni. Yeye alikuwa akilamba ukingo wa debe."

"Na mlimzika?"

"Tungemzika saa ngapi? Alianguka, tukamruka," Kibwana akasema. "Debe lake nikatwishwa mimi."