Kisu Kilichosema Sifuri

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuiamini programu ilipojitolea ushahidi yenyewe.

Nilijifunza kompyuta peke yangu, nyumbani karibu na Litein, na kwa kiburi cha mtu asiye na mwalimu nikatunga lugha yangu ya programu. Kompaila yake, yaani kitafsiri cha lugha hiyo, iligeuza maneno kuwa namba tupu za mashine, na majina yote yakachinjwa njiani. Mimi nilitaka programu iweze kujiangalia hata ikiwa kazini: uiulize "kasi" iko wapi ndani yake, ikuonyeshe, ikubali uibadilishe. Nikaiagiza kompaila ihifadhi jedwali la majina, kila jina na mahali pake kwenye kumbukumbu. Mahali hapo nilipapata kwa kujumlisha ukubwa wa vitu vilivyotangulia. Sikukumbuka kwamba kompaila huacha mapengo kati ya vitu ili mashine ivisome haraka.

Nililijaribu jedwali hadi macho yakawasha. Naandika namba, naisoma tena, zinalingana. Kumbe nilikuwa naandika na kusoma palepale pasipo sahihi.

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameunda mashine ya betri ya kukata majani ya chai, nami nikaitia programu yangu tuiamrishe kwa simu. Asubuhi moja, katikati ya mistari ya chai yetu, kijiti kigumu kilikwama kwenye meno ya kisu. Kisu kikatulia kikinguruma.

"Zima, prof," akaniambia.

Nikaandika kasi iwe sifuri. Nikaisoma.

"Imezima. Inasema sifuri."

"Inasema ama imezima? Mbona bado inalia?"

"Bro, nimeitest wiki nzima! Ni mota tu inapoa."

Akaingiza mkono, akang'oa kijiti. Kisu kikaruka. Nilisikia mfupa kabla sijamsikia yeye. Vidole viwili vikaanguka juu ya majani mabichi, damu ikanirukia usoni, na mashine ikaendelea kumtafuna hadi nilipoupiga teke waya wa betri. Simu mkononi mwangu bado ilionyesha sifuri.

Alinipiga ngumi ya mdomo kwa mkono uliobaki mzima. Jino likalegea. "Nilikuuliza!" akapiga kelele. "Si nilikuuliza?" Akanipiga tena, nami sikujikinga. Nilitaka anivunje. Kisha akaanguka, nikamfunga mkono kwa shati langu na kumbeba hadi barabarani, akinitukana sikioni kila hatua.

Hospitalini hawakuweza kuvirudisha vidole.

Siku hizi sikisii mahali pa kitu. Sehemu ya kompaila inayopanga kumbukumbu ndiyo inayoandika jedwali, na kila jaribio hulinganishwa na kipimo kilicho nje ya programu. Waya huchomolewa kabla ya mkono kukaribia kisu. Kaka amejifunza kuchuma kwa mkono wa kushoto. Ni mwepesi kuliko mimi, lakini mashine hataki hata kuiona.