Mwalimu Mkuu Alipojifanya Mzazi

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na jina hilo hakulipata kwa mashine peke yake. Ulimi wake nao uliunguza. Mumewe aligongwa na lori, akafia hospitali akisubiri damu iliyokosekana. Shemeji zake wakamtaka mjane, na mimba yake changa, auze mashine ya kuchomelea aliyoiacha mumewe, arudi kwao.

"Aliyekufa ni mume," akawajibu. "Mashine ni nzima."

Akavaa miwani ya marehemu na kuanza kuunga vyuma. Mageti ya mwanzo yalipinda, watu wakacheka. Baadaye waliocheka ndio waliokuja kupanga foleni.

Mchana mmoja alikuwa akifunga bawaba, simu ikalia: binti yake wa pekee, wa miaka kumi na sita, ameanguka kwenye ngazi za shule. Alifika na aproni yake ya ngozi, masizi usoni. Binti alikuwa amelala kwenye benchi la ofisini, jino la mbele limeng'oka, plasta kwenye mkunjo wa mkono.

"Hii nini?"

"Nimetoa damu, mama."

Mwalimu mkuu akakohoa. Alieleza kwamba chini ya miaka kumi na minane lazima mzazi aridhie, lakini watu wa kukusanya damu walikuja ghafla, na shule ilitaka kuongoza wilaya nzima kwa kuchangia. "Nikawasainia wote. Hapa shuleni, mama, mimi ndiye mzazi wao."

"Mzazi?" Cheche akamsogelea. "Uchungu wake uliusikia wapi? Ulilazwa wodi gani? Madawati yakivunjika simu yangu mnaipata upesi! Ungeniuliza, ningekwambia huyu huzimia akikaa na njaa!"

Akamshika binti mkono, wakatoka.

Njiani Cheche alikuwa bado anafoka, binti akamkatiza.

"Nesi aliniuliza kama huwa nazimia. Nikasema hapana."

Cheche akasimama katikati ya njia. "Ulimdanganya?"

"Ningekuomba ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Na baba je? Si alikosa mtu wa kumpa? Umenisimulia wewe mwenyewe, mama."

Cheche akamgeuzia mgongo. Akashika njia, akatembea mbele kwa hasira, machozi yakichora mistari kwenye masizi.

Hakuliacha hapo. Aliwakusanya wazazi wenzake, wakaenda wilayani, na mwalimu mkuu akaondolewa. Watu wa damu nao walikuja kumwomba radhi, akawaonyesha lile pengo kinywani mwa mwanawe kabla hajawakaribisha viti.

Usiku huo, wageni walipokwisha kuondoka, binti alisema, "Nikitimiza kumi na minane nitakwenda kutoa damu tena. Sitamwomba mtu ruhusa."

"Nenda," Cheche akamjibu bila kumtazama. "Lakini usithubutu kutoka humu ndani hujala. Na nesi umwambie ukweli."

Kisha akaubamiza mlango wa chumbani kwake mpaka madirisha yakatetemeka.