Mapango Tuliyomtengenezea Baba

Kwa zaidi ya nusu ya maisha yake baba alikuwa akiongoza watalii kwenye mapango ya Mlima Hoyo. Alipopofuka tulimleta Bunia, nyumbani kwa kaka yangu mtaani Saio, na hapo akaanza kutuchosha. Kila asubuhi, kabla ya chai: "Munipeleke Hoyo. Niguse tu ule ukuta, kisha nikufe." Tulimweleza kwamba barabara haipitiki, kwamba watu wanachinjwa ndani ya magari. Kesho yake aliomba tena.

Wazo lilikuwa la kaka. Mimi ndiye niliyelikamilisha, kwa sababu mimi nilikuwa binti aliyesimuliwa na baba habari za mapango yale, na sasa nafundisha historia shuleni. Hakuna aliyeweza kumdanganya vizuri kunishinda.

Jumapili moja tulimkalisha mbele katika gari la kaka. Mimi na mke wa kaka tukakaa nyuma. Tulizunguka zaidi ya saa tatu kwenye njia mbovu za kando ya mji, nikimtajia vijiji ambavyo hatukuvikaribia. Nilipotangaza kwamba tumefika Komanda, kaka alisimamisha gari, akashuka, akagonga kioo cha upande wa baba. Akasema kwa sauti nzito, kama askari wa barieri za barabarani: "Weye muzee! Karte!"

Baba alivua kofia. Akatoa karte yake, ile kadi ya mpiga kura, akainyoosha nje ya dirisha. "Iko hii, chef. Niko naenda kuangalia pahali nilitumika kazi."

"Kuangalia na macho gani?"

Mke wa kaka alijiziba mdomo kwa kitenge. Mimi pia nilicheka.

Tulimshusha nyuma ya mtaa wa Ngezi, humohumo Bunia, kwenye shimo la kuvunjia mawe, ambalo siku ile halikuwa na mtu. Nilimshika mkono na kumwelezea miti ambayo haikuwepo. Kaka alijificha nyuma ya rundo la kokoto, akalia kama mbega.

Baba akasimama ghafla. "Munyamaze! Munasikia? Ni mbega!" Uso wake ulikuwa wa kijana. Akaanza kutufundisha kama alivyowafundisha wageni: mbega hana kidole gumba, manyoya yake meupe humning'inia mabegani kama shuka, na pangoni popo hulala juu huku nyoka akiwangojea mlangoni. Chini yao, akasema, watu wa kale waliwasha moto na kuchonga mawe maelfu ya miaka kabla babu zetu hawajaufikia msitu huu. "Ukichimba kidogo unapata visu vyao vya mawe."

Akapiga magoti kuvitafuta. Akapapasa kokoto, akaokota kizibo cha bia. Alikigeuzageuza kiganjani muda mrefu. Kisha akaweka mkono wake mwingine ukutani. Mawe ya Hoyo ni baridi, yanatoka maji. Haya yalikuwa ya moto kwa jua, yenye alama za patasi.

"Munirudishe nyumbani," alisema.

Wakati wa kurudi hatukujisumbua kuzunguka. Tulifika Saio haraka sana, bila barieri hata moja.

Wiki mbili baadaye wakwe wa kaka walikuja kututembelea. Tulipomaliza kula, baba alimgeukia kaka mbele yao wote. "Mutoto wangu, weye unajua kulia kama mbega. Lia, wageni wasikie."

Kaka alijaribu kucheka. "Papa, acha michezo."

"Lia."

Alilia, kwa sauti ndogo.

"Tena. Siku ile ulilia na nguvu."

Alilia mara tatu, jasho likimtoka, mama mkwe wake akitazama sahani. Mke wake safari hii hakucheka. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji ya kunawa.

Nilidhani mimi nimesamehewa. Nikamwendea na daftari, nikimwomba anitajie vyumba vya mapango kimoja kimoja, niwafundishe wanafunzi wangu.

"Siye wote tulienda Hoyo pamoja," akanijibu. "Andika ulichoona."

Niliomba tena mara nyingi, hata alipokuwa kitandani hawezi kuinuka. Aligeukia ukuta. Alikufa msimu wa mvua. Darasani, tukifika kwenye habari za watu wa kale wa Ituri, kitabu chetu kina mistari michache tu. Naisoma kama ilivyo, halafu nafungua ukurasa unaofuata.